Kijiti cha Mhogo na Fedha za Serikali

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili wanadarasa wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kwamba mwalimu ana chaki mkononi na kijiti cha mhogo mezani, kama nilivyoomba juma lililopita. Kama hakukipata, basi mtu mmoja atoke sasa hivi akakate kimoja. Mhogo hauko mbali.

Leo nataka kujibu swali. Swali hilo lililetwa kwa barua na darasa moja la Mkoa wa Tanga, nami nimefurahi kuona kwamba barua yenyewe waliiandika kwa mikono yao. Waliandika hivi: “Zahanati yetu inavuja. Lakini tumesikia kwamba Serikali inatoa fedha kwa wataalamu wanaochunguza majani ya mihogo. Sisi mihogo tunaijua tangu babu zetu. Kwa nini fedha hizo zisiezeke zahanati kwanza?”

Hili ni swali la haki. Mimi mwenyewe nimepata kukaa katika zahanati inayovuja, nikiwa na mtoto mgonjwa mapajani, na siku ile kama mtu angeniambia habari za majani ya mihogo ningemgeuzia uso. Kwa hiyo sitawajibu kwa haraka. Nitawasimulia habari moja ndefu, iliyoanza mlimani huko huko Tanga, ikaenda mpaka Nigeria, kisha ikarudi Uganda na kwetu. Mkiisha kuisikia, mtapima wenyewe.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno la kwanza: UTAFITI. Utafiti ni kazi ya kutafuta jambo lisilojulikana, kwa kujaribu, kupima, na kuandika. Bibi anayepanda mbegu mbili za maharage katika matuta mawili, apate kuona ipi inavumilia jua, anafanya utafiti. Tofauti yake na mtaalamu ni kwamba mtaalamu hupanda matuta elfu, huandika kila kitu, na huendelea miaka kumi bila kuchoka.

Sasa andika la pili: UCHUMI WA VIUMBE HAI. Maana yake ni kazi na mapato yanayotokana na vitu vyenye uhai, yaani mimea, wanyama, samaki, na hata vijidudu vile vinavyochachusha togwa. Mkonge ukitoa kamba, huo ni uchumi wa viumbe hai. Mwani wa Unguja na Pemba ukiuzwa ng'ambo, ukatolewa ute unaotiwa katika dawa ya meno, huo nao ni uchumi wa namna hiyo. Zamani tungesema “kilimo na ufugaji” tukatosheka. Jina hili jipya limekuja kwa sababu thamani haiishii shambani. Inaendelea kiwandani, dukani, na katika chumba cha mtaalamu. Mwaka 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitoa mpango wake wa miaka kumi juu ya uchumi huu. Mipango hutolewa mingi, tunajua. Lakini tuuone kwa mhogo, maana mhogo hauhitaji kuelezwa na mtu wa mjini.

Haya, shikeni kile kijiti. Sehemu nyingine hukiita pingili. Mhogo hatuupandi kwa punje kama mahindi. Twakata shina, twalichomeka ardhini. Tuseme shina moja lililokomaa hutoa pingili kumi. Zipandeni hizo kumi. Mwaka wa pili mtapata pingili ngapi? Mwaka wa tatu ngapi? Na wa nne?

(Hapa palipigwa muziki kwa dakika mbili ili madarasa yafanye hesabu.)

Nadhani mmekwisha. Mwaka wa kwanza ni kumi, wa pili mia, wa tatu elfu moja, wa nne elfu kumi. Pingili 10,000 zinatosha hekta moja nzima, yaani kama ekari mbili na nusu, mkipanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Shina moja tu, na miaka minne, na hekta imejaa.

Mhogo kwa hiyo ni zao la ukarimu. Jirani akiomba pingili humnyimi; kumnyima ni aibu. Lakini ukarimu huo una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni ugonjwa. Kama lile shina la kwanza lilikuwa na ugonjwa, basi umegawa ugonjwa elfu kumi.

La pili ni la fedha, na hapa nataka msikilize sana. Fikirini mfanyabiashara anayetaka kutafuta mhogo mpya usioshikwa na ugonjwa. Atalipa wataalamu miaka minane, pengine kumi. Mwishowe anaupata. Anawauzia watu wachache pingili mia mia. Baada ya miaka michache tarafa nzima inazo, na yeye hakulipwa tena hata senti. Mahindi chotara sivyo. Punje yake ukiirudisha shambani haizai kama mama yake, kwa hiyo mkulima hurudi dukani kila msimu, na makampuni hupata faida ya kuendelea na utafiti. Wapo watu wanaouza pingili safi za mhogo, na kazi yao ni njema. Wakaguzi wa mbegu wa Serikali, taasisi iitwayo TOSCI, hukagua mashamba yao. Lakini kuuza pingili ni jambo moja, na kulipia ile miaka kumi ya kutafuta ni jambo jingine. Mfanyabiashara hatalipia, wala simlaumu. Basi atalipa nani?

Sasa twende mlimani.

Katika Milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, pana mahali paitwapo Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga hapo kituo cha utafiti wa mimea. Hawakukijenga kwa ajili ya mhogo wa mwananchi. Walitaka mazao ya kuuza Ulaya, na miti ya kwinini kwa dawa ya malaria. Baadaye Waingereza walikichukua, na katika miaka ya 1930 palikuwa na mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeitwa Storey, na mwenzake aliyeitwa Nichols.

Wakati huo ugonjwa uitwao batobato ulikuwa umeenea. Mnaujua. Majani hupata madoa ya manjano na kijani, hujikunja, huwa madogo, na mizizi hudumaa. Shamba lililoshikwa sana laweza kupoteza nusu ya mavuno na zaidi. Wengine walisema ni ardhi iliyochoka, wengine walisema ni jicho la mtu. Kumbe ni virusi, yaani vijidudu vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni. Huchukuliwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Ukilitikisa jani, huruka kama unga.

Nichols alianza kuutafutia mhogo damu ya kuuokoa. Akamwendea ndugu yake wa mbali, ule mti wa mpira uliotoka Brazili, ambao watu wa Tanga na Pwani huchuma majani yake wakayapika kisamvu. Naam, kisamvu cha mpira! Mti ule haushikwi na batobato kwa urahisi. Nichols akachukua chavua ya ua moja, akaitia katika ua la jingine. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, lakini mizizi yake ilikuwa miembamba na migumu, haifai kuliwa. Basi mtoto yule akachanganywa tena na mhogo. Mjukuu akachanganywa tena. Kitukuu akachanganywa tena. Kila mara walipanda mbegu nyingi, wakang'oa walio wagonjwa na wasio na mizizi ya maana, wakabakiza wachache. Kazi hiyo ilichukua miaka ishirini hivi. Katika miaka ya 1950 aliiendeleza mtaalamu mwingine, Jennings.

Mshahara wao ulitoka wapi? Ulitoka katika hazina za serikali: ya Uingereza na za nchi za Afrika ya Mashariki. Ndani ya hazina hizi za kwetu ilikuwamo kodi ambayo babu zetu walilipa kwa shida, tena bila kuulizwa inakwenda wapi. Jambo hilo si la kusifu. Ninyi mmeandika barua kuuliza. Wao hawakuwa na redio ya kuiandikia.

Mwaka 1957 kazi ile ya mhogo ilifungwa. Kama ingeishia hapo, barua yenu ingekuwa na nguvu zaidi leo: miaka ishirini, fedha nyingi, na mlango umefungwa. Lakini kabla ya kufungwa, mbegu kadhaa za mihogo ile zilikwisha kupelekwa Nigeria. Zikapandwa huko, na katika miche yake mmoja ulichaguliwa ukapewa namba tu, kama mfungwa: 58308.

Mche ule ulikaa. Mwaka 1967 ilianzishwa taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo katika mji wa Ibadan, iitwayo IITA, kwa fedha za mashirika na za serikali mbalimbali, na Nigeria ikatoa ardhi. Tangu mwaka 1971 mtaalamu kutoka Korea aitwaye Hahn alifanya kazi hapo ya kutafuta mihogo bora. Aliutumia mche ule wa Amani, akauchanganya na mihogo ya Afrika ya Magharibi na ya Brazili. Ikapatikana mihogo inayozaa sana na kuvumilia batobato. Mmoja wake ulijulikana sana, namba yake 30572. Mihogo hiyo ilienea Nigeria, na leo Nigeria ndiyo nchi inayovuna mihogo mingi kuliko nchi zote duniani. Gari yao, yaani unga wa mhogo uliokunwa, kuchachushwa na kukaangwa, ni chakula na ni biashara ya mamilioni ya watu.

Sasa tazameni jinsi njia ilivyozunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mkali ulitokea Uganda. Baadaye wataalamu waligundua kwamba virusi vya batobato vya namna mbili vilikuwa vimeungana vikazaa namna mpya iliyo kali zaidi. Ugonjwa huo ulitembea kama kilometa 20 hadi 30 kwa mwaka, kama mtu anayejua aendako. Mashamba yaliachwa. Watu wa mashariki na kaskazini ya Uganda walipatwa na njaa, na wengine walikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ulivuka ukaingia Kagera.

Waganda walifanya nini? Watafiti wao wa vituo vya Namulonge na Serere walikuwa wamekwisha kuijaribu mihogo ya Ibadan. Katika miaka ya 1990 waliitoa kwa wakulima, wakaiita Nase, jina lililofanywa kwa herufi za vituo vile viwili. Na Nase ya tatu ni ile ile namba 30572, kilembwe wa mti wa mpira wa Amani. Ilikuwa imerudi nyumbani baada ya miaka arobaini, na pingili zikaanza tena kupita mkono kwa mkono.

Nawaomba msimame kidogo hapa. Mwaka 1957 mtu mwenye akili timamu angeweza kusema, “Kazi hii haina faida, imefungwa kwa haki.” Na mtu huyo asingeweza kujua. Hii ndiyo shida ya utafiti wa viumbe hai. Bati la zahanati ukilinunua leo, kesho unaliona juu. Mche wa mhogo unaulipia leo, na atakayeula ni mtoto ambaye hajazaliwa, pengine katika nchi nyingine. Tena miche mingi haifiki popote. Kwa ule mmoja ulioitwa 58308, ilitupwa mingi isiyohesabika.

Wala kazi haimaliziki. Mwaka 1936, huko huko Amani, Storey aliandika habari za ugonjwa wa pili, tuuitao michirizi ya kahawia. Huu ni mwizi wa kimya. Shina linaweza kusimama zuri, majani mengi, mkulima akafurahi. Siku ya kung'oa anakata mzizi, na ndani anakuta uozo mkavu wa kahawia kama kizibo. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulikuwa wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Nyasa tu. Lakini mwaka 2004 ulionekana Uganda, juu kabisa kwenye baridi kidogo, kisha ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Na mihogo ile iliyoshinda batobato ilionekana kuwa mingi yake haina kinga kwa huu. Ikabidi kuanza tena. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, na wenzao wa vituo vingine wametafuta mihogo inayovumilia. Wa pwani mtakuwa mmesikia mhogo uitwao Kiroba. Ulikuwa wa wakulima wenyewe kabla haujawa wa Serikali, maana wataalamu nao huenda kuuliza wazee. Tangu mwaka 2016 kuna sheria iliyoweka vituo hivi vya kilimo vya Tanzania Bara chini ya taasisi moja, iitwayo TARI.

Mtauliza: je, fedha zenyewe zinatosha? Hapana. Mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikubaliana huko Lagos kwamba nchi ziweke katika sayansi na utafiti shilingi 1 katika kila shilingi 100 za pato la taifa. Umoja wa Afrika ulirudia neno hilo mwaka 2007. Nchi nyingi hazijafika, na yetu ni mojawapo. Kwa hiyo tangu miaka ya 2000 sehemu kubwa ya utafiti wa mhogo imelipwa na wafadhili wa ng'ambo. Tuwashukuru. Lakini mgeni akikununulia chakula, ndiye anayechagua mboga. Na siku akipata shughuli nyingine, anaondoka. Mtafiti wa mhogo hawezi kufanya kazi miaka mitatu akangoja barua miaka miwili. Miche haingoji barua. Maoni yangu, na hapa nasema kama mimi, ni kwamba jambo hili lina hatari zaidi kuliko uchache wa fedha zenyewe: kutoa, kuacha, kutoa, kuacha.

Sasa turudi kwenye uchumi. Mhogo una wanga mwingi. Wanga huo hutumika katika viwanda vya nguo kukaza nyuzi, katika karatasi, katika gundi, hata katika vidonge vya dawa. Lakini mhogo ukiisha kung'olewa huharibika kwa siku mbili tatu. Msumbiji, mwaka 2011, walipoanza kutengeneza bia ya mhogo, walitumia mashine iliyobebwa kwa lori, ikaifuata mihogo karibu na mashamba, ikaikuna huko huko. Huo ni ujanja mzuri. Lakini hata lori lingefika mlangoni pako, mwenye kiwanda hatanunua mzizi wenye uozo wa kahawia. Kiwanda kinataka tani nyingi, kila juma, zilizo safi. Pasipo mbegu safi hakuna mizizi safi, na pasipo mizizi kiwanda ni ukuta na kufuli.

Sasa nawajibu wenzangu wa Tanga. Sisemi zahanati ingoje. Mtoto anayelowa hangoji mche. Nasema fedha hizi mbili zisigombanishwe, kwa kuwa njaa ya mwaka ambao mihogo imeoza huishia katika zahanati hiyo hiyo, chini ya paa hilo hilo. Kwenye mkutano wa kijiji mwulizeni diwani juu ya bati. Kisha bwana shamba akipita, mwulizeni naye: mbegu mpya za mhogo zilizotafutwa kwa kodi yetu, mbona hazijafika kwetu? Maana hilo nalo hutokea. Mche mzuri unaweza kukaa kituoni miaka mingi kwa kukosa gari la kuuleta, na hapo ndipo fedha hupotea kweli.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja aende katika shamba lake au la jirani, ahesabu mashina kumi kwa mstari, aandike katika daftari ni mangapi yana batobato. Ageuze majani aangalie nzi weupe. Mwenye mhogo wa kung'oa akate mizizi mitatu vipande vipande, aandike kama ameona kahawia ndani. Msichukue pingili katika mashina yenye ugonjwa, hata kama ni makubwa. Mwalimu akusanye hesabu za darasa zima, maana juma lijalo tutajifunza asilimia, na tutatumia hesabu hizo zenu wenyewe.

Darasa la Tanga, nanyi mniletee za kwenu kwa barua. Kwaherini.